Divai ya Toscana, Busaa ya Langas

Wahenga walinena kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mwaka wa 2013, katika likizo ndefu iliyofuata mwaka wangu wa pili katika Chuo Kikuu cha Moi, niliajiriwa na hoteli moja mjini Eldoret kwa kazi ambayo nadhani wahenga hao hawakuitarajia, nayo ni kukitembeza kitu ambacho kila mtu aliniapia kuwa ni chema. Kitu chenyewe kilikuwa mvinyo wa Kiitalia. Mwenye hoteli alikuwa amenunua makasha kadhaa, yakakaa ghalani miezi mingi pasi na mteja wa kuyaulizia. Basi akaonelea kwamba kijana anayesomea Kiswahili, mwenye kujua kupanga maneno, angeweza kuwaeleza wateja ni chupa ipi inafaa kuandamana na chakula kipi. Sikuwa nimewahi kuonja hata tone la kinywaji hicho. Wala sikumwambia mtu yeyote pale kwamba nilikuwa mtoto wa mpika busaa.

Mama alipika busaa katika mtaa wa Langas tangu nikiwa mchanga. Msomaji aliyelelewa magharibi mwa Kenya hahitaji kuelezwa kazi hiyo, lakini kwa faida ya wengine nitaisimulia. Unga wa mahindi hukandwa kwa maji, ukafunikwa siku kadhaa hadi uchachuke. Kisha hukaangwa juu ya bati pana hadi ugeuke rangi na kutoa harufu ya mkate ulioungua kidogo. Hutiwa maji pamoja na kimea cha wimbi, ukaachwa tena uchemke wenyewe pasipo moto, na mwishowe hukamuliwa ili machicha yabaki. Mama hakuwa na kipimajoto wala saa. Aliinamisha sikio juu ya pipa akasikiliza mapovu, na kwa sauti ile alijua kama kinywaji kiko tayari au kinahitaji usiku mmoja zaidi. Karo yangu yote ya shule ilitoka katika pipa hilo. Mwaka wa 2004, nikiwa darasa la sita, askari walikuja alfajiri wakalimwaga uani, kisha wakaondoka na Mama. Alirudi siku ya tatu. Hakusema alikolala wala alilipa nini. Alichota maji, akaosha pipa, akaanza kukanda unga.

Siku yangu ya kwanza hotelini nilimkaribisha mgeni kwa kumwambia, "Tuna pombe nzuri kutoka Italia." Mkuu wa wahudumu alinivuta kando. "Usiseme pombe," akaninong'oneza, "watadhani ni ile ya Langas." Nilimwitikia kwa heshima na kurejea mezani. Tangu hapo nikasema mvinyo, au divai.

Maneno haya mawili yamenishughulisha sana tangu siku ile. Yote ni ya kukopa: mvinyo limetokana na neno la Kireno, vinho, na divai limetokana na Kifaransa, du vin. Katika Biblia ya Union Version, arusi ya Kana ilitindikiwa divai, ilhali Mtume Paulo anapowakanya Waefeso wasilewe, kinachowalevya ni mvinyo. Katika Kigiriki, neno ni moja katika aya zote mbili. Sidai kwamba watafsiri walikusudia kuligawa neno hilo katika tabaka mbili, moja la sherehe na jingine la aibu, na ipo mifano inayokwenda kinyume. Nasema tu kwamba nilipolinganisha aya hizo nilimkumbuka mkuu wa wahudumu. Lugha haina kinywaji kichafu. Wenye kuitumia ndio wanaochagua kipi kiitwe kwa jina la kigeni na kipi kwa jina la mtaani.

Nirudi kwenye chupa zangu. Iliyokuwa nyingi zaidi ghalani ni Chianti, mvinyo mwekundu wa mkoa wa Toscana, unaotengenezwa hasa kwa zabibu iitwayo Sangiovese. Usiku wa kwanza niliopata kuuza chupa nzima, mnunuzi alikuwa mzee mmoja mkulima wa ngano kutoka Moiben, aliyekuwa akisherehekea mavuno pamoja na wanawe. Alikunywa funda moja, akakunja uso, akasema, "Kijana, hiki kitu kinanikwaruza ulimi." Kijitabu nilichopewa kilisema kwa Kiingereza kwamba hiyo ni tanini, neno ambalo lisingemsaidia mzee wala mimi. Ndipo likanijia neno ukakasi, lile tulilitumialo kwa ndizi mbichi na embe changa. Nikamwambia, "Mzee, huo ni ukakasi wa maganda na kokwa za zabibu. Usiunywe peke yake. Tafuna kwanza nyama yenye mafuta, kisha unywe." Akafanya hivyo kwa mbavu za mbuzi zilizokuwa mbele yake. Alinyamaza kidogo, akatazama bilauri, halafu akamwambia mwanawe mkubwa ajaribu.

Jambo lenyewe halina uchawi. Ukakasi hutokea kwa sababu tanini hushikamana na protini zilizomo katika mate, na ulimi ukakauka. Palipo na nyama, tanini hupata protini nyingine ya kushikamana nayo, na mafuta yakaulainisha mdomo. Nao ugwadu wa mvinyo huyakata mafuta yale, ili tonge linalofuata lionekane kama la kwanza. Watu wa Toscana hula Chianti na mnofu mnene wa ng'ombe uliochomwa juu ya makaa, na sioni ni tofauti gani kubwa iliyopo kati ya mnofu huo na nyama choma yetu, ila bei. Kachumbari nayo haikunitatiza, kwa maana nyanya ina ugwadu na Sangiovese ina ugwadu, na vitu viwili vyenye ugwadu unaokaribiana huvumiliana. Pilipili ndiyo adui. Huchochea ule moto wa kileo hadi mnywaji asihisi kitu kingine.

Divai nyingine nitazipitia upesi. Pinot Grigio, ambayo ni nyeupe na nyepesi, niliipeleka kwenye meza za samaki wa Ziwa Victoria, hasa wale waliokaangwa na kukamuliwa ndimu. Prosecco, yenye mapovu, ilifaa sambusa na kila kilichotoka katika mafuta ya moto. Moscato d'Asti ni tamu na kileo chake ni kidogo, karibu asilimia 5 tu. Hiyo niliwapa maharusi, na siku moja nilithubutu kuiandamanisha na mahamri, nikachekwa jikoni, lakini sahani ilirudi tupu. Kulikuwa pia na chupa mbili za Barolo kutoka Piemonte, divai ambayo sheria ya kwao inaitaka ikomae zaidi ya miaka mitatu kabla ya kuuzwa. Hakuna aliyezinunua. Nadhani zingali pale.

Na hapa lazima nikiri kwamba watu wa Eldoret sikuwafundisha lolote geni. Mji huu unajua kulinganisha kinywaji na chakula tangu kabla haujaitwa mji. Mursik, maziwa yaliyogandishwa katika kibuyu kilichosuguliwa kwa makaa ya mti, hunywewa pamoja na ugali wa kimyet na mboga chungu kwa sababu ile ile: uchachu wake hufungua kinywa kilichochoshwa na wanga. Mzee wa Moiben alinielewa upesi kwa kuwa alikuwa akifanya hivyo tangu utotoni. Alichokosa ni neno tu, na neno lenyewe tulikuwa nalo.

Waitalia hawakosekani katika mji huu, kwa sababu ya riadha. Daktari Gabriele Rosa wa Brescia ndiye aliyemfundisha Moses Tanui, bingwa wa Boston mwaka wa 1996 na 1998, na tangu enzi hizo makocha na mawakala kutoka huko huja na kuondoka. Mmoja wao, mtu wa makamo mwenye Kiswahili cha kuokoteza, alizoea kuketi meza ya pembeni. Usiku mmoja alinieleza kuhusu ile karatasi ndogo shingoni mwa chupa. Alisema kwamba babu yake alikuwa mkulima maskini aliyekamua zabibu kwa miguu. Mwaka wa 1963 serikali ya Italia ilitunga sheria ya kuyalinda majina ya vinywaji vya mahali: si ruhusa kuita kinywaji Chianti kama hakikutoka katika mipaka ya Chianti, kwa zabibu zilizotajwa, kwa njia iliyokubaliwa. Mipaka ya asili ya Chianti yenyewe ilikuwa imetangazwa na mtawala wa Toscana tangu mwaka wa 1716.

Nilipokuwa nikifuta meza baada ya yeye kuondoka, mwaka ule wa 1963 haukunitoka akilini. Ni mwaka wetu wa uhuru. Wao waliandika sheria ili kinywaji cha mkulima kisiibiwe jina. Sisi, mwaka wa 1980, tuliandika sheria ya kupiga marufuku chang'aa, na busaa ikabaki kitu cha kuombewa leseni, ambayo mwanamke wa Langas hakujua hata hutolewa dirisha gani. Mwaka wa 2010 sheria mpya iliifuta ile ya 1980 na kuruhusu vileo hivyo kwa masharti. Ndio mwaka nilioumaliza kidato cha nne, na Mama akaacha kupika. Siwezi kujifanya kwamba sijui madhara ya pombe mitaani. Nimewazika majirani. Lakini pipa la Mama halikuwa na sumu, na walioumizwa na lile la kwetu waliumizwa jinsi walevi wa Chianti wanavyoumizwa.

Siku ya mwisho ya kibarua changu nilipewa chupa ya Chianti iliyobaki nusu. Niliifunga katika gazeti nikaipeleka Langas. Mama aliimimina katika kikombe cha bati, akainusa kwanza, kisha akakisogeza kikombe sikioni. Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Imenyamaza," akasema. "Imekwisha kuchacha zamani." Akaonja. "Ina ukakasi. Hii inataka matumbo." Akainuka, akapasha matumbo ya jana, tukala na kunywa polepole. Baadaye akauliza bei. Nilipomtajia shilingi elfu moja na mia nane, aliweka kikombe chini.

"Na wanaiuza mchana, mlango wazi?"

"Ndiyo, Mama."

"Na wewe ulikuwa ukiwaambia nini wanunue?"

Nikamwambia nilivyowaeleza: ukakasi, ugwadu, mafuta, makaa. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama niliwahi kuwaambia nilikojifunza kuonja. Sikumjibu. Aliinamisha chupa, akamimina lililobaki katika kikombe changu, akaenda kuiosha uani.

Chupa ile ingali kwenye rafu yake hadi leo. Hutia mafuta ya kupikia ndani, na karatasi ya shingoni hakuibandua.