Kiko cha Baba Mkubwa

Kiko cha Baba Mkubwa kilipasuka mikononi mwangu mimi. Kwa siku mbili niliacha nyumba nzima idhani kwamba aliyekivunja ni mwanangu mdogo, nami ndiye ninayewafundisha watoto amri ya nane kila Jumamosi. Naanza na hilo, ili mtu asije akadhani kwamba haya ya ufundi yanatoka kwa fundi hodari.

Baba Mkubwa ni kaka wa marehemu baba yangu, naye ndiye aliyenilea. Umri wake umepita miaka 80. Mwaka 2019, vijiji vingi vya milima hii vilipochomwa moto, alikimbia pamoja nasi akaacha nyumba na ng'ombe wote. Alipofika hapa Minembwe alikuwa na blanketi, rozari, na kiko mfukoni. Alikipata zamani kwa padri mmoja aliyekuwa akirudi kwao Ulaya, maana yeye alikuwa akimtunzia bustani.

Tena si kiko cha hivi hivi. Kina alama ya tembo, ambayo ni alama ya viko vilivyotoka Tanganyika tangu miaka ya 1950. Wakati ule kampuni iliyoitwa Tanganyika Meerschaum ilitumia jiwe jeupe la nyanda za Amboseli, mpakani mwa Kenya na Tanganyika, ikachonga viko na kuviuza ng'ambo kwa jina lile lile letu, Kiko. Wazungu wengi walilitamka jina hilo pasipo kujua kwamba ni Kiswahili!

Jiwe lenyewe Wajerumani huliita Meerschaum, maana yake povu la bahari. Likikauka ni jepesi hata huweza kuelea majini. Likilowa hulainika, likakatika kwa kisu, ndiyo maana mafundi huliloweka kabla ya kulichonga. Moshi hupenya ndani yake, na mwaka kwa mwaka weupe wake hugeuka manjano, halafu rangi ya asali. Kiko cha Baba Mkubwa kimekwisha kupita asali.

Laiti ningalijua hayo mapema! Mimi nilitaka kumfurahisha mzee tu. Kiko kilikuwa kimeziba, na bori limejaa masizi magumu. Nikakitumbukiza katika maji ya moto kama sufuria, kisha nikausokota mdakale, yaani ule mrija wa kuvutia, hali jiwe bado limelowa. Nikasikia tak! Shingo ilikuwa na ufa, na ncha ya mdakale imekatikia ndani. Nikakipangusa, nikakiweka juu ya kigoda chake, nikaenda zangu kanisani kupanga viti.

Niliporudi, mama watoto alikuwa akimhoji mtoto, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akicheza karibu na kigoda. Mtoto alikana. Baba Mkubwa hakusema kitu. Nami nikanyamaza. Kwa nini nilinyamaza sijui kueleza vizuri. Niliona haya tu, na kadiri saa zilivyopita haya ikazidi. Usiku wa pili mtoto aliniambia, "Baba, labda nilikigusa nikasahau." Ana miaka sita. Nilimwambia pale pale kwamba ni mimi, nikamwambia na mama yake, kisha nikaenda kupiga magoti mbele ya Baba Mkubwa.

"Nilijua," akasema. "Mtoto huyu hana mkono wa kukata mdakale ule. Nilikuwa namngojea Mwalimu."

Basi nikaahidi kukitengeneza. Lakini mama watoto akanivuta kando, akasema, "Baba watoto, ukitengeneza kiko utatengeneza na kikohozi." Alikuwa na haki. Tunakaa zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, usiku ni baridi, madirisha hufungwa, na kifua cha mtoto huyo huyo hupiga filimbi kila majira ya baridi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba tumbaku huua watu zaidi ya milioni 7 kila mwaka, na zaidi ya milioni moja kati yao hawavuti wenyewe, ila wanavuta moshi wa wenzao. Katekisimu ya Kanisa, namba 2290, inaitaja tumbaku pamoja na chakula, vileo na dawa, ikionya juu ya kupita kiasi. Papa Fransisko alikataza sigara zisiuzwe tena Vatikano tangu mwaka 2018. Yote hayo nayafundisha. Tena kiko si salama, kama wazee wanavyopenda kusema: huleta kansa ya mdomo na ya koo.

Nikakaa siku tatu bila kugusa kitu. Mwishowe mzee mwenyewe alituita wote wawili. Akasema, "Nikiwaambia naacha, nitawadanganya. Lakini nitavutia nje, mara moja tu, jioni. Baridi ni yangu." Mama watoto akakubali, nami nikaanza kazi.

Kwanza nilikiacha kikauke kivulini juma zima. Masizi nikayakwangua makavu kwa kisu butu, nikabakiza utando mwembamba kama sarafu, maana yakiwa mazito huvimba kwa joto na kulipasua bori. Ncha iliyokwama niliitoa kwa skrubu niliyoipasha moto kidogo. Ikashika, nikavuta polepole bila kusokota. Nilikuwa nimejifunza.

Kwa ule ufa, jirani mmoja aliniletea ganda la risasi, akasema likikatwa litafaa kuwa pete ya shaba. Baba Mkubwa akaligeuza kiganjani, akamrudishia pasipo neno. Ndipo nikachukua ukanda wa ngozi mbichi ya mbuzi, nikauloweka, nikaukamua vizuri jiwe lisilowe tena, nikauzungushia shingoni na kuukaza kwa uzi. Ngozi mbichi ikikauka hujikaza yenyewe. Siku ya nne ufa ulikuwa umefunga.

Mdakale mpya ni tawi jembamba la mwanzi wa huku milimani, refu kama shubiri moja na nusu. Vifundo vya ndani nilivitoboa kwa waya wa gurudumu la baiskeli uliopashwa moto hata ukawa mwekundu. Ncha nikaichonga, nikaizungushia uzi wenye nta ya nyuki, ikaingia bila kulazimishwa. Mzee alisema moshi sasa unafika mdomoni umepoa. Nikamjibu kwamba moshi uliopoa sumu yake ni ile ile. Akacheka, akavuta.

Jioni hukaa nje ukutani, amejifunika blanketi, na kukiwa na mvua hukosa. Mwanzi nimekwisha kuubadili mara mbili, na ngozi imeanza kulegea kwa unyevu, kwa hiyo nimeloweka nyingine. Jana nilimwita mwanangu anishikie kiko upande mmoja nikaze uzi. Akaficha mikono nyuma, akasimama mbali, akaniangalia mpaka nilipomaliza.