Stesheni ya Karatina na Reli ya Nanyuki

Msafiri atokaye Nairobi kwa gari la moshi kwenda Nanyuki, akiisha kupita Sagana, huona njia ikianza kupanda na kujipindapinda kuifuata migongo ya vilima, hata afike Karatina, mji wa soko katika nchi ya Mathira. Wako wasemao kwamba jina la mji huo ni neno karantini lililogeuzwa na ndimi za wenyeji.

Reli hii haikujengwa kwa ajili ya watu wa Mathira. Sehemu ya kwanza, Nairobi mpaka Thika, ilifunguliwa mwaka 1913, nayo iliitwa tramu, maana fedha za kujenga reli kamili zilikuwa hazijaidhinishwa. Basi wakubwa wakaibatiza jina dogo, kazi ikaendelea. Katika miaka ya 1920 ikasogezwa mbele, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 ikawa imefika Nanyuki, ili mazao ya masetla yapate kushuka mpaka pwani. Mji wa Nyeri, uliokuwa boma tangu mwaka 1902, uliachwa kando juu ya vilima vyake. Mtu wa Nyeri aliyetaka kupanda gari hilo alilazimika kwenda Kiganjo, mwendo wa kilomita kama 10. Karatina, isiyokuwa na ukubwa wowote, ikapata stesheni mlangoni pake.

Wakulima wa Mathira hawakukawia kuitumia. Magome ya miwati, yatumikayo kutengenezea ngozi, yalipelekwa Thika kwenye kiwanda. Kisha vikaja Vita Kuu ya Pili, 1939 hadi 1945, na Serikali ikajenga Karatina kiwanda cha kukausha mboga kwa chakula cha askari. Hapo ndipo mji ulipochangamka. Kina mama walishuka kutoka vilimani na mizigo ya kabichi, karoti na viazi mgongoni, kamba zimekaza kwenye paji la uso. Mboga zikakatwa, zikakaushwa, zikafungwa, zikaenda zake kwa reli. Mkulima aliyekuwa akilima chakula cha nyumbani tu akajua faida ya shamba lililo karibu na stesheni.

Vita vilipokwisha, kiwanda kikafungwa. Wakulima walitaka kukinunua wakiendeshe wenyewe, wakakataliwa. Watu waliokwisha kupanua mashamba yao kwa kutegemea soko hilo wakabaki na mboga zao mikononi, na uchungu huo ukaingia katika siasa za miaka ile. Hali ya hatari ilipotangazwa mwezi Oktoba 1952, hata kusafiri kwenyewe kukawa kwa kibali.

Baada ya Uhuru wa mwaka 1963 malori yaliipokonya reli mizigo yake kidogo kidogo, kwa kuwa lori humfuata mkulima hata shambani. Shirika la reli la Afrika Mashariki nalo likagawanyika Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977. Magari ya abiria yakakoma kwa miaka mingi, majani yakaota kati ya mataruma, na wachuuzi wakajenga vibanda katika ardhi ya reli.

Mwaka 2020 njia ikatengenezwa upya. Wenye vibanda wakaambiwa wahame, jambo zito kwa mtu ambaye kibanda ndicho karo ya watoto wake. Mwezi Desemba mwaka huo abiria wakapanda tena mpaka Nanyuki.

Lililobaki gumu ni pale barabara inapoikata reli. Mabehewa yaliyojaa mzigo hayasimami kama baiskeli. Dereva akishika breki, gari huzidi kwenda mbali kwa uzito wake mwenyewe. Lakini kizazi kizima kilikuwa kimekua kikiijua njia hiyo kuwa ni mahali pa kuanikia maharagwe na kupumzikia. Honi iliposikika tena, ilibidi wazee waliokumbuka magari ya zamani wawashike watoto mkono, wasimame nao mpaka behewa la mwisho lipite.