Dawa ya Kutu

Chuma ni mtumishi hodari wa mwanadamu. Hulima mashamba, hubeba madaraja, huvunja mawe na hurusha risasi. Lakini pamoja na nguvu zake zote, kina ugonjwa mmoja ambao kimezaliwa nao. Kikiachwa katika umande bila ya kinga, haupiti muda mrefu ila hukutwa kimetoka vipele vyekundu. Ugonjwa huo ni kutu. Moto hukilainisha chuma, na nyundo hukinyoosha, lakini vyote viwili havikimalizi. Kutu, ambayo haina meno wala sauti, hukila kidogo kidogo mpaka kikawa vumbi.

Watu wengi hudhani kwamba kutu ni uchafu utokao nje ukaja kukaa juu ya chuma. Dhana hiyo si sahihi. Ardhini chuma hukaa kimeshikana na oksijeni, na wekundu wa udongo wa Voi au wa Murang'a ni rangi ya chuma cha namna hiyo. Mhunzi hukitenganisha na oksijeni kwa moto mkali, akakifanya jembe, panga au mtutu wa bunduki. Lakini maji na hewa vikutanapo juu ya uso wake, chuma huanza safari ya kurudi kwao udongoni. Kutu basi ni chuma chenyewe kinachogeuka. Wahenga walisema kuwa kikulacho ki nguoni mwako, na hapana mahali ambapo methali hiyo inasadiki zaidi kuliko hapa.

Sisi tunaokaa pwani twaijua safari hiyo vizuri, kwa sababu chumvi ya bahari huiharakisha. Mwaka 1697 manowari ya Kireno iitwayo Santo António de Tanna ilizama karibu na Ngome ya Yesu, Mombasa, wakati ngome hiyo ilipozingirwa na Waomani. Wapiga mbizi na wanachuoni waliichimba baina ya 1977 na 1980. Chuma kilichokaa baharini miaka mingi namna ile hakiwezi kutolewa na kukaushwa tu kama nguo. Chumvi iliyozama ndani yake huendelea kukila hata kikiwa nchi kavu, na kisipotolewa chumvi hiyo kwa subira hupasuka na kubomoka. Kila nikitazama silaha za kale zilizowekwa katika ngome ile, nakumbuka kwamba waliozitengeneza walikuwa na maadui wawili: mmoja alikuja kwa jahazi na kelele, na wa pili alikuja kwa upepo, kimya kimya.

Bunduki ina haja ya kinga kuliko vyombo vingi vya chuma. Hushikwa kwa mikono yenye jasho, na jasho lina chumvi. Huchukuliwa mvuani na vichakani. Baruti nyeusi ya zamani iliacha masizi yaliyovuta unyevu wa hewa, na fataki za zamani ziliacha ndani ya mtutu chumvi iliyo ndugu ya chumvi ya jikoni. Mafuta peke yake hayakuweza kuiyeyusha chumvi hiyo. Ndiyo sababu wawindaji wenye busara waliosha mitutu yao kwa maji ya moto kwanza, wakaikausha, kisha wakaipaka mafuta. Jembe likishika kutu, mkulima hupata tabu. Lakini bunduki ikishika kutu ndani, mwenye nayo aweza kupoteza maisha yake, au ya mwenzake aliyesimama kando.

Dawa ya kwanza ya mafundi ilikuwa kusugua na kupaka mafuta. Askari wa Ulaya wa karne ya 18 walitakiwa kuing'arisha mitutu yao mpaka iwe kama fedha. Kazi hiyo ilipendeza macho, lakini ilikula chuma: kila siku ya kusugua iliondoa tabaka nyembamba, na mng'ao wenyewe uliweza kumwonyesha askari kwa adui. Ndipo mafundi wakagundua jambo la ajabu, kwamba dawa ya kutu yaweza kuwa kutu yenyewe, kama dawa ya moto ilivyo moto.

Walifanya hivi. Mtutu ulisafishwa mafuta yote, ukapakwa maji ya dawa yaletayo kutu, ukaachwa mahali penye unyevu. Ulipotoka kutu nyembamba, fundi aliisugua iliyolegea akaiacha ile iliyoshika, kisha akarudia tena na tena, siku baada ya siku. Mwishowe mtutu ulivaa vazi la hudhurungi lililoganda imara. Bunduki za marisau za zamani, ambazo mitutu yake ilisukwa kwa tepe za chuma na pua, zilipata uzuri mwingine kwa njia hiyo, kwa kuwa chuma na pua havikugeuka rangi sawasawa, na misuko ikaonekana kama mistari ya maji.

Baadaye walijua kwamba kutu nyekundu ikichemshwa katika maji safi hugeuka kuwa nyeusi. Hii nyeusi nayo ni chuma na oksijeni, lakini vimeungana kwa kiasi kingine. Kutu nyekundu huvimba, hulegea na kufungua mlango kwa maji. Ile nyeusi hubana na kushika. Viwanda vikaona kazi ya siku nyingi ni ndefu, vikatumia birika la magadi makali na chumvi nyingine lenye joto la nyuzi kama 140, na mtutu ukatoka umevaa weusi wa samawati kwa muda usiofika saa moja. Majeshi yakapenda pia utando wa kijivu wa fosfati, ambao haung'ai. Lakini msomaji asidanganyike na majina. Utando mweusi ni mwembamba mno, na kazi yake kubwa ni kuyashika mafuta yasikimbie. Ukikauka mafuta, kutu hurudi.

Mafundi wengine waliuvika mtutu madini mengine. Hapa iko tofauti inayofaa kufikiriwa. Zinki iliyo juu ya mabati hukilinda chuma kwa kujitoa mhanga: hata bati likikwaruzwa, zinki iliyo karibu huliwa kwanza. Nikeli haina moyo huo. Hulinda kama ukuta, na ukuta ukiwa na tundu, chuma kilicho chini yake huliwa upesi zaidi. Hata hivyo ukuta mzima ni kinga njema, na ziko bunduki za marisau zilizotengenezwa kwa watu wa vyomboni ambazo zimevishwa nikeli nje na ndani ya mtutu.

Mwaka 1913, katika mji wa Sheffield, Uingereza, Harry Brearley alitafuta pua ya mitutu ya bunduki isiyolika upesi kwa joto na gesi ya baruti. Alichanganya chuma na kromi, na akaona kwamba pua yake haikukubali kuliwa na asidi kama pua nyingine. Alichokuwa akikitafuta kwa ajili ya vita kikaingia kwanza mezani, kikawa visu vya kulia chakula. Siri ya pua hiyo ni utando wa kromi na oksijeni usioonekana kwa macho. Ukikwaruzwa, hujiponya wenyewe hewani. Hata hivyo nao hushindwa: maji ya chumvi yakituama juu yake muda mrefu huutoboa vidoadoa.

Haya yote yangekuwa maneno ya karakana tu kama si gharama yake. Katika vita vya Vietnam, mwaka 1966 na 1967, askari wa Marekani walipewa bunduki mpya ya M16. Bunduki ya M14 iliyoitangulia ilikuwa na mtutu uliovishwa kromi ndani. Hii mpya haikuvishwa, hata pale panapokaa risasi. Baruti yake ilikuwa imebadilishwa, vifaa vya kusafishia vilikuwa haba, na uvumi ulienea kwamba bunduki hiyo haihitaji kusafishwa sana. Nchi ile ina joto, mvua na tope. Pale panapokaa risasi palishika kutu, maganda yakakwama, na baadhi ya askari walikutwa wamekufa kando ya bunduki walizokuwa wakijaribu kuzizibua. Mwezi wa Oktoba 1967 kamati ya Bunge la Marekani ilitoa taarifa ya lawama juu ya jambo hilo. Kromi ikatiwa, vifaa vikagawiwa, na mafunzo yakatolewa; lakini waliokufa hawakurudi.

Mimi nasema kwamba kosa kubwa la kisa hicho halikuwa kukosa kromi peke yake. Lilikuwa imani kwamba chombo kizuri hakina haja ya mtunzaji. Hudhurungi, weusi, fosfati, nikeli, kromi na pua ya Brearley havimfukuzi adui milele. Vyote humchelewesha tu. Humpa mwenye bunduki muda, na muda huo ni wake autumie au aupoteze. Askari wa wanyamapori anayerudi kutoka doria ya mvua akaifuta bunduki yake kwanza, kisha akajifuta mwenyewe, amefahamu maana ya kinga. Anayeirudisha na maji yake katika mfuko wa ngozi akalala usingizi, ameilaza pamoja na adui, kwa kuwa ngozi huushika unyevu kama sifongo.

Vijana wengi wasomao maneno haya hawatashika bunduki maishani, na ni heri iwe hivyo. Lakini kila mmoja atakuwa na panga, jembe, cherehani au baiskeli, na chuma ni kile kile. Kitambaa kikavu na tone la mafuta ni vitu rahisi; mtu mvivu huvidharau mpaka siku atakayotakiwa kununua chombo kipya. Usipoziba ufa utajenga ukuta.