Kabla ya Kuilaumu Injini, Tazama Nyaya

Katika nyumba nyingi zenye gari, injini ndiyo hulaumiwa kwanza na nyaya hukumbukwa mwisho. Gari likianza kusitasita, likakosa nguvu penye mwinuko na kunuka petroli, mwenye gari huambiwa kwamba injini imekwisha. Naye, kwa kuwa hana ujuzi wa kubisha, huanza kuhesabu fedha alizokuwa amezitenga kwa jambo jingine. Maneno haya nayaandika kwa ajili ya mtu huyo, hasa akiwa mkazi wa pwani.

Mjomba wangu wa Kilwa Masoko alifikwa na jambo hilo. Analo gari la Datsun 240Z, dogo, lenye viti viwili, lililoundwa kwa ajili ya mwendo wa kasi. Aina hiyo ndiyo iliyoshinda mbio za Safari za Afrika Mashariki mwaka 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann, na tena mwaka 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Mjomba alilinunua likiwa kuukuu, akalitunza kama nahodha atunzavyo jahazi lake. Masika moja gari likaanza kumisi, kama wasemavyo mafundi, na gereji moja ikampa hesabu ya kufumua injini nzima. Fedha aliyokuwa nayo ndani ilikuwa ada ya binti yake wa mwisho, aliyepata nafasi ya kusomea uuguzi.

Nilipofika kumjulia hali na kumpa shikamoo, aliitika, kisha akasema: "Mwanangu, nimekata shauri. Nitaliuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Gari haliwezi kumzuia mtoto kusoma."

Mkewe ndiye aliyetuzindua. "Kabla hujaliuza," alisema, "mwite yule mzee anayetengeneza injini za mashua. Yeye chumvi anaijua."

Mzee hakuja mchana. Alikuja usiku, baada ya sala ya Isha. Akaamuru taa zote zizimwe, boneti ifunguliwe na injini iwashwe. Katika giza lile tuliona vicheche vya buluu vikirukaruka kutoka kwenye nyaya mbili kwenda kwenye chuma cha injini. "Umeme wenu unavuja njiani," akasema. "Haufiki unakotumwa."

Yafaa tufahamu maana yake. Betri hutoa umeme wa volti 12 tu. Koili huupandisha hadi maelfu mengi ya volti, distributa ikaugawa, na kila waya ukaupeleka kwenye plagi yake, ambako cheche huruka na kuwasha petroli. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila plagi hutoa cheche 1,500 katika dakika hiyo. Sasa, Kilwa Masoko imezungukwa na bahari pande nyingi. Upepo huleta chumvi, chumvi huvuta unyevu, na unyevu wenye chumvi hupitisha umeme. Mpira wa waya ukipasuka kwa joto na uzee, umeme hupata njia ya mkato, na petroli ya silinda ile hutoka bila kuungua. Ndiyo harufu aliyokuwa akiisikia mjomba.

Asubuhi, injini ikiwa imepoa, mzee alizifungua plagi zote sita na kuzipanga juu ya gazeti. Plagi husomwa kama tabibu asomavyo ulimi wa mgonjwa. Rangi ya kahawia hafifu ni afya. Masizi makavu meusi, au majimaji ya petroli, huonyesha kwamba mafuta ni mengi mno au cheche ni dhaifu. Weupe wa chokaa huonyesha joto lililopita kiasi. Lakini ikiwa imelowa oili, hapo ndipo injini yenyewe huenda ina walakini, na huenda ikahitaji kufunguliwa. Plagi nne za mjomba zilikuwa za kahawia. Mbili, za nyaya zilezile zilizovuja, zilikuwa zimelowa petroli. Oili haikuwapo.

Nyaya na plagi mpya ziliagizwa Dar es Salaam, zikaja kwa basi, nasi tukazipokea njia panda ya Nangurukuru. Kazi yenyewe ina kanuni chache. Badilisha waya mmoja mmoja, usizichomoe zote kwa pamoja, maana kila waya una silinda yake. Katika injini ile cheche hufuatana 1-5-3-6-2-4, na ukizichanganya gari halitawaka vizuri. Shika kofia ya waya, usivute waya wenyewe. Puliza mchanga pembeni mwa plagi kabla ya kuifungua, usije ukadondokea ndani. Pima mwanya wa plagi mpya; kwa gari lile ni milimita 0.8 hadi 0.9. Anza kuikaza kwa vidole, kwa sababu kichwa cha injini ni cha aluminiamu na hesi zake huharibika upesi. Ikigota, iongeze kwa spana kiasi cha nusu mzunguko.

Gari liliwaka na kunguruma sawasawa. Ada ililipwa kwa wakati, na binti yupo chuoni.

Basi, wewe unayeishi Lindi, Kilwa au penginepo karibu na bahari, jiwekee desturi ya kufuta nyaya kwa kitambaa kikavu injini ikiwa imezimwa, na kuchungulia kifuniko cha distributa kama kina ufa au kutu ya kijani. Na fundi akikuambia injini imekufa, mwombe kwa adabu akuonyeshe plagi. Fundi mwema hataudhika.