AFCON 2027: Ukimpeleka mtoto kwenye mechi, mpeleke na mahali pa kukumbuka

Septemba 2023 Shirikisho la Soka Afrika (CAF) lilizipa Tanzania, Kenya na Uganda nafasi ya kuandaa AFCON ya 2027. Ni mara ya kwanza nchi tatu kupewa mashindano hayo kwa pamoja, na Afrika Mashariki haijayaandaa tangu Ethiopia mwaka 1976.

Kwa familia za Babati habari hii ni kubwa. Taifa Stars walipocheza AFCON ya Morocco na kufika 16 bora kwa mara ya kwanza, wengi wetu tuliwatazama kwenye televisheni na vibanda umiza. Nauli ya ndege hadi Rabat kwa baba, mama na watoto wawili haikuwa ya kuzungumzwa mezani. Safari hii mechi za nje ya nchi zitachezwa mahali ambapo basi linafika.

Hapa mjini mpira si mgeni. Msimu wa 2024/25 Fountain Gate waliutumia Uwanja wa Tanzanite Kwaraa kama nyumbani kwao, na watoto wetu wakawaona Simba na Yanga kwa macho yao. Sasa wanauliza lini wataona mechi ya mataifa. Mzazi anayefikiria kusema "twende" aanze kupiga hesabu mapema, na hesabu isiishie kwenye tiketi ya uwanjani.

Mechi ni dakika 90. Kwenda Nairobi na kurudi Babati ni siku mbili za barabara. Ukimpeleka mtoto umbali wote huo kwa ajili ya dakika 90, timu ikafungwa, atakachokumbuka ni kiti cha basi. Ongeza siku mbili au tatu, na mahali pamoja pa kutembelea.

Mahali gani? Watoto wa Babati wana Tarangire na Ziwa Manyara karibu, na viboko wako hapahapa Ziwa Babati. Huna haja ya kuvuka mpaka kuwaonyesha tembo. Watafutie kile ambacho nyumbani hakuna.

Nairobi, kisha bahari

Njia rahisi ni Babati, Arusha, Namanga, Nairobi. Ni vizuri kulala Arusha kama una mtoto mdogo, ili mvuke mpaka asubuhi mkiwa na nguvu.

Nairobi kuna Makumbusho ya Taifa, ambako mtoto atajifunza habari za mvulana wa Turkana, ambaye mifupa yake iligunduliwa mwaka 1984 karibu na Ziwa Turkana. Aliishi takriban miaka milioni moja na nusu iliyopita, na alikufa akiwa bado mtoto. Mwanafunzi wa darasa la tano aliyesoma habari za binadamu wa kale atasimama pale muda mrefu kuliko unavyodhani. Beba sweta, kwani katikati ya mwaka Nairobi ina baridi, hasa usiku mkitoka uwanjani.

Kutoka Nairobi kuna treni ya SGR hadi Mombasa, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017. Inapita katikati ya Tsavo, na tembo wakijitokeza mtawaona dirishani bila kulipa kiingilio. Mombasa kuna Fort Jesus, ngome iliyojengwa na Wareno miaka ya 1590, na kuna bahari. Mtoto aliyekulia bara hasahau siku alipoyaonja maji ya chumvi. Kurudi si lazima mpite tena Nairobi: kuna barabara ya Voi na Taveta, mnavuka Holili, mnatokea Moshi, kisha Arusha na nyumbani.

Kampala, kisha Jinja

Uganda ni mbali zaidi, na siwashauri wenye watoto chini ya miaka mitano kwenda kwa basi. Kwa wakubwa kuna zawadi mbili.

Ya kwanza ni Jinja, kiasi cha kilomita 80 mashariki ya Kampala, ambako maji ya Ziwa Victoria yanaanza safari ya Mto Nile hadi Bahari ya Mediterania. Ukitokea Nairobi unaipita kabla ya kufika Kampala.

Ya pili ni Kayabwe, kwenye barabara ya Masaka, ambako mstari wa Ikweta umewekewa alama. Mtoto anaweka mguu mmoja kaskazini na mwingine kusini mwa dunia, na picha ya hapo haina gharama kubwa. Mkirudi kwa njia ya Mutukula na Bukoba, Kayabwe ipo njiani.

Mtoto wa Manyara na mbu wa ugenini

Hapa naandika kama mwandishi wa afya. Manyara ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo zaidi Tanzania. Ni jambo jema, lakini lina upande wa pili: mtoto aliyekulia hapa mwili wake haujazoea vimelea. Akiumwa na mbu wa Kampala, Jinja au Mombasa, anaweza kuzidiwa haraka kuliko mtoto wa huko. Nairobi, kwa sababu ya mwinuko wake, hatari ni ndogo.

Kwa hiyo kabla ya kwenda maeneo hayo mwone daktari, umuulize kuhusu dawa ya kinga inayofaa umri na uzito wa mtoto. Beba chandarua chenye dawa hata kama mnalala hotelini, na nguo za mikono mirefu kwa mechi za usiku. Mkisharudi, homa yoyote katika wiki zinazofuata ipimwe siku hiyohiyo. Mwambie mhudumu: "Tulikuwa Uganda" au "tulikuwa Mombasa." Usimwachie akisie, kwa sababu hapa kwetu malaria si ugonjwa wa kwanza anaoufikiria.

Jambo la pili ni homa ya manjano. Kenya na Uganda zimo kwenye orodha ya nchi zenye hatari ya ugonjwa huo. Uganda inataka cheti cha chanjo unapoingia, na Tanzania inakitaka unaporudi, kuanzia mtoto wa mwaka mmoja. Dozi moja inatosha maisha yote, lakini cheti huanza kutumika siku 10 baada ya kuchanjwa. Ukisubiri wiki ya safari umechelewa. Mjamzito, na mtu mwenye kinga dhaifu, azungumze na daktari kwanza. Na usinunue cheti cha stendi. Homa ya manjano haina dawa maalumu ya kuiponya, na karatasi ya kughushi haimkingi mtoto.

La tatu ni maji. Ziwa Victoria lina kichocho, na mtoto anaweza kukipata kwa kuchezea maji ya ufukweni tu. Pale Jinja panda boti, tazama mto, piga picha, lakini watoto wasiingie majini. Kiu ya kuogelea imalizwe Mombasa, baharini, mtu mzima akiwa nao hatua moja.

Uwanjani, mtoto mdogo azibwe masikio kwa vifaa vya kuzuia kelele. Mwandikie namba yako ya simu kwenye mkono au ndani ya shati. Na weka pakiti chache za ORS kwenye mkoba, kwa sababu kuharisha hakuna ratiba.

Karatasi na fedha

Kila mtoto anahitaji hati yake ya kusafiria. Nendeni Ofisi ya Uhamiaji ya mkoa mapema, na vyeti vya kuzaliwa mkononi, mkaulize kama mnahitaji pasipoti au hati ya dharura inatosha. Mzazi anayesafiri peke yake na mtoto abebe barua ya ridhaa ya mwenzake.

Kama hesabu zinakataa, msikate tamaa. Arusha, umbali wa takriban kilomita 170 kutoka hapa, unajengwa uwanja mpya kwa ajili ya mashindano haya. Familia inaweza kwenda asubuhi, ikaona mechi, ikalala kwa ndugu na kurudi kesho yake.

Lakini kama mmeamua kuvuka mpaka, anzeni mwezi huu na vitu viwili visivyohitaji kusubiri ratiba ya mechi: chanjo na hati za watoto. Fedha ya nauli mtaiweka kidogokidogo. Siku 10 za chanjo haziwezi kukopwa.