Mvuke Ndani ya Chungu cha Wakisi

Chungu kibichi hupasuka motoni kwa sababu ya maji yaliyojificha ndani ya udongo wake. Inaudhi kusikia vijana wa leo wakisema mfinyanzi alikosea udongo. Wanawake wa Kikisi wa Ikombe, kando ya Ziwa Nyasa karibu na Matema, walimjua adui huyo kabla ya fizikia kufundishwa shuleni.

Udongo unaoonekana mkavu bado una vitundu vidogo mno vyenye maji. Ndiyo maana mfinyanzi hukipapasa chungu: kikiwa baridi kiganjani, maji hayajaisha. Moto ukikolea, kiputo cha kwanza cha mvuke huota mahali hewa iliponasa. Hakiwi duara kama kile cha sufuriani, bali hufuata umbo la kitundu chake. Kikikijaza, hukutana na koo la kuingilia kitundu cha jirani. Hapo mvutano wa uso wa maji hukizuia, na koo likiwa jembamba zaidi kizuizi huwa kikali zaidi. Mvuke hulimbikizana, kisha kiputo huchupa ghafla kupitia koo lililo pana kuliko mengine, hutulia, huchupa tena, kikichipua matawi hadi kifike nje.

Njia ikikosekana, balaa huingia. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke hutaka nafasi ya lita 1,600 hivi. Ikibanwa hadi nyuzi 200 za Selsiasi, kanieneo yake hufikia takriban mara 15 ya ile ya hewa. Ukuta wa chungu hubanduka kwa kishindo, na kazi ya siku nyingi hugeuka vigae.

Dawa yake ni subira. Chungu hukaushwa kivulini, huoteshwa moto taratibu, na mchanga au vigae vilivyosagwa vikichanganywa katika udongo hupanua makoo ya kupitishia mvuke. Ile harufu ya udongo unyevu ukipata joto, tamu kuliko ya mvua ya kwanza, huja na mvuke unaotoka salama. Kufikia nyuzi 500 hivi, hata maji yaliyofungwa katika chembe za udongo huanza kutoka, na chungu hakirudi tena kuwa tope.

Halafu zikaja sufuria za alumini, ndoo za plastiki, majokofu. Vyungu vingi sasa hununuliwa kuwa mapambo, jambo la kusikitisha, kwani vitundu vilivyosalia ndivyo vinavyopitisha maji ya mtungi polepole hadi nje, yakakauka na kuyapoza yaliyobaki ndani.