Maji ya Kaplong Yanafika Misri

Shuleni tulikariri mito mirefu ya Kenya. Wa kwanza ni Tana, kilomita zipatazo 1,000 kutoka milima ya Aberdare hadi Bahari ya Hindi kule Kipini. Kisha Ewaso Ng'iro ya kaskazini, Athi unaoingia baharini kwa jina la Sabaki, na Mara. Kwangu mito hiyo ilikuwa ya watu wengine. Kijito kilichopita chini ya majani chai yetu hapa Kaplong kilikuwa cha kunyweshea ng'ombe.

Aliyenigeuza ni mzee mmoja wa kanisani, mstaafu wa kazi ya kupima maji mitoni.

"Kijana wangu, maji haya yanaenda wapi?"

"Kipsonoi, mzee."

"Halafu?"

"Sondu."

"Halafu?"

Nikanyamaza, akaendelea yeye. Sondu unazungusha mitambo ya umeme ya Sondu-Miriu, megawati 60, kisha unaingia ghuba ya Winam, Ziwa Victoria. Ziwa hilo nalo linatokea Jinja na kuwa Nile, mto wa kilomita zaidi ya 6,600. Upande wa pili wa miinuko yetu, Nyangores unapita mjini Bomet, unaungana na Amala na kuwa Mara, unakatiza Serengeti na kuishia ziwa lile lile, karibu na Musoma. Kipsonoi na Mara yote ni watoto wa msitu wa Mau. Kumbe nimelima maisha yangu yote kwenye chimbuko la Nile!

Tangu siku hiyo sijaweza kukitazama kijito kile kama zamani.

Ukingoni tulikuwa na mikaratusi. Viwanda vya chai hukausha majani kwa kuni, na karatusi hukua haraka na kulipa vizuri, lakini hufyonza maji mengi mno kuwekwa penye chemchemi. Nilipotaja kuikata, mama watoto aliuliza karo itatoka wapi. Swali la haki kabisa. Tukapanda mingine juu, kando ya barabara, na ile ya ukingoni ikaangushwa. Kazi ngumu ilikuja baadaye: kisiki cha karatusi hakikubali kufa. Kila mvua kilichipua vichipukizi vya rangi ya fedha, nami nikarudi na panga, nikakwangua gome hadi kwenye mizizi. Sasa pamesimama mianzi. Pampu ya dawa naioshea bombani nyumbani, mbali na kijito, na ng'ombe wana birika lao.

Natamani kila mwalimu wa huku aanze na kijito kilicho nyuma ya darasa, ndipo afike Tana.

Jirani wa chini yangu ameshakata mikaratusi yake. Wa ng'ambo bado anahesabu hasara, na simlaumu; kila tukikutana kwenye kituo cha kununulia majani tunalizungumza upya, na juzi aliniomba miche ya mianzi.